Shubiri Moja na Nusu

Ukuta wa Kibokoni hauna tumbo la kupitisha mkono.
Ni matumbawe na chokaa, dhiraa nzima ya unene,
na chumvi iliyojificha humo tangu kabla ya umeme.
Ukitaka kupitisha waya, unachimba:
mfereji wa kina cha vidole viwili,
ushuke wima kutoka swichi, au ulale sawa na sakafu.
Mshazari, hapana.
Mshazari ni mtego kwa atakayekuja na msumari
kutundika picha ya harusi.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mwachiro asubuhi
tulipokuja kwa Bi Mwanasha,
anayetaka intaneti ipande ghorofani hadi kwenye cherehani,
maana kofia zake siku hizi huuzwa kwa simu
na huko juu, asema, "mtandao waja ukichechemea."

Zima swichi kuu. Kisha pima,
kwani swichi nayo huweza kusema uongo.
Waya wa moto upite kule, wa mtandao huku,
kati yao shubiri moja na nusu:
huyu ana mvumo, yule ananong'ona,
ukiwalaza kitanda kimoja mnong'ono humezwa.
Wakilazimika kukutana, wakatane msalaba,
waachane papo hapo.
Kila mmoja na bomba lake. Kila mmoja na kisanduku chake.

Mwachiro akagonga tindo,
akagonga,
akasimama.

Ndani ya chokaa, waya. Hauna bomba.
Umekata ukuta mshazari kama mtu aliyekimbia mvua,
ganda limekauka, lavunjika kama kachiri,
shaba imeota kijani.
Na ule wa simu ya mezani umefungwa nao kwa utepe mweusi,
bega kwa bega, njia nzima.
Kipima kikanyamaza. Lau tusingezima...

"Fundi, mpumbavu gani alifanya hivi?"

Utepe ulizungushwa mara tatu, ncha imekunjwa ndani.
Mimi ndiye hukunja ncha ndani.
Mwaka ule nilikuwa na siku moja na kazi tatu,
tindo butu, na kichwa kilichojaa kodi ya nyumba.
Ukishapakwa chokaa, nilijiambia, nani ataona?

Shubiri, kumbe, ni neno lenye ladha yake.

"Ni mimi," nikasema.
Mwachiro akaliangalia tindo lake.
Bi Mwanasha, mlangoni, akauliza tu
kama vumbi litafika kwenye vitambaa.

Tuliung'oa wote, hadi adhana ya alasiri.
Ndani ya bomba jipya nimeacha uzi mtupu, umelegea,
mwenzetu ajaye auvutie waya
ambao bado hatujaujua jina.
Na nyuma ya kifuniko cha kisanduku, kwa penseli:
huku moto, huku mtandao, vipimo, tarehe,
na jina langu,
kwa herufi za kusomeka.