Swali la Kumi na Tisa

Jedwali limerudi kutoka kwa mtakwimu
na mstari mwekundu chini ya safu ya nne:
wenye kutembea na bomba lao wenyewe
wana maambukizi zaidi kuliko wanaoazimana.
Daktari Semkiwa akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Ina maana bomba la mtu mwenyewe ndilo linaloleta?"
Feni ikazunguka. Hakuna aliyejibu.

Mimi nilikaa karibu na mlango,
mdodosaji wa muda, posho haijatoka,
nikamkumbuka namba arobaini na saba.

Nyuma ya gereji, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
yeye juu ya tairi, mimi juu ya ndoo ya rangi.
Jina lake sikutakiwa kuliandika.
Alinitajia hata hivyo, Mwanamkuu,
na nilipokosea akanisahihisha:
"Mkuu. Kama wa mkoa."

Swali la kumi na tisa: Je, una bomba lako mwenyewe?
Ndiyo.
Nikaweka vema, nikafunua ukurasa.
Akatua kidole juu ya karatasi, kucha imeliwa mpaka nyama.
"Huniulizi tangu lini?"

Fomu haikuwa na nafasi ya tangu lini.
Nikaandika pembeni, kwa penseli, herufi za sisimizi:

kwamba miaka sita alidungwa na Shebe,
Shebe kwanza, yeye baadaye, bomba lile lile,
maana pesa ni ya Shebe na mkono ni wa Shebe,
na mwanamke, akasema, hata sumu anakula mwisho;
kwamba duka la dawa walimwambia yamekwisha
huku yanamtazama nyuma ya kioo;
kwamba aliyekutwa nalo mfukoni alilala Chumbageni kituoni,
basi wakaweka moja kwenye tundu la ukuta,
la wote, kama kata ya mtungini.

Kisha Bombo. Chumba cha kupimia.
Karatasi iliyokunjwa mara mbili.
Jioni ile ile akanunua lake.

"Mimi nimeshaupata. Sasa nimwambukize nani tena?
Kale katoto, Riziki, kana miaka kumi na tisa,
kanakuja pale arosto inakatetemesha, kananiomba.
Nakanyima. Kananitukana.
Nakanyima."

Nilisema haya ofisini, koo limenikauka.
Mwavuli hauleti mvua, daktari.
Huyu aliununua akiwa ameshalowa.

Mtakwimu akasema mtu mmoja si takwimu.
Ni kweli, sikumbishia.
Tukashusha maboksi, fomu mia mbili na kumi na moja,
tukatafuta pembezoni maandishi ya penseli.
Kurasa nyeupe. Nyeupe. Mtu kachora ua.
Hatukuwauliza, wangejibu nini?

Jumatatu nikarudi gereji na swali moja tu.
Ndoo ipo. Juu ya tairi amekaa binti mwingine,
amejikunyata, jasho na baridi kwa pamoja,
akanitazama kuanzia viatu.

"Unamtafuta yule mchoyo?"