Namba Kumi na Nne

Panga arubaini ziko chini ya ufunguo wangu
na hakuna hata mmoja unaokata.
Usicheke. Upanga wa ofisa wa wanamaji
haukufuliwa kwa ajili ya shingo ya mtu.
Kazi yake ni kuning'inia ubavu wa kushoto,
ala isiburure sakafu,
mkono wa kulia ubaki huru kwa saluti.
Mimi Koplo Shemdoe, mtunza ghala,
tepe mbili, miaka ishirini na sita,
cheo changu kinaniruhusu kuusugua tu.

Nausugua kwa ukwaju na jivu la kifuu.
Ile dawa ya kopo inang'arisha leo, kesho ukungu,
na Tanga hii shaba hailali siku mbili
bila kuota kijani.

Luteni Usu hushika mpini kama aliyeshika nyoka.
Luteni, kama nyoka aliyekwisha kufa.
Meja hata hatazami, mkono unajua njia.
Kanali...
kwa Kanali tutafika.

Mpini umevikwa ngozi ya taa, samaki yule bapa.
Babu yangu, seremala wa Mwarongo,
alilainishia milango kwa ngozi hiyohiyo.
Hakujua iko siku itazungushiwa waya wa dhahabu
iitwe heshima.

Kwenye gwaride huuinua mpini hadi mdomoni,
kisha ncha hushuka kuelekea ardhini:
niko chini ya amri yako.
Ninyi mnaona mmweko. Mimi napokea pumzi.
Huyu kahawa tungu,
huyu karafuu ya kufichia kitu,
huyu hofu. Hofu ina unyevu wake.

Desemba, Luteni Chamshama alioa, Raskazone.
Panga nane zikakutana hewani, maharusi wakapita chini,
wa mwisho akamgonga bibi harusi kwa ubapa,
karibu jeshini!
Akaruka; ukumbi ukapasuka kwa vicheko.
Saba zilirudi usiku. Wa nane alfajiri,
sukari ya keki imejaa kwenye nakshi ya nanga
na sisimizi wamepanga foleni kuingia alani
kwa nidhamu ambayo kuruta wangu hawana.
Nikaandika daftarini: Umerudi. Una wageni.

Sasa namba kumi na nne.
Bendera juu ya jeneza, juu ya bendera kofia,
kando ya kofia upanga wa Kanali Semkiwa.
Hiyo nayo ni mila: upanga husindikiza
mpaka ukingo wa kaburi. Hauingii.
Anayeingia huingia na sanda,
bila nyota hata moja.

Nikaupokea kwa mikono miwili
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake.
Njiani askari wa zamu akanipigia saluti.
Nikamwambia, kijana, mimi ni koplo, huu ni mzigo.
Hakushusha mkono.

Kanuni inasema: makaburini, kisha ghalani.
Mimi nikapita Chumbageni.
Bi Mwantumu alikuwa edani, haonekani.
Binti yake akaupitisha nyuma ya pazia
nami nikabaki barazani nahesabu viatu vya waombolezaji.
Sikusikia kilio.
Nilisikia ala ikigonga ukingo wa kitanda,
mara moja.

Uliporudi ulikuwa wa moto,
na kwenye shaba, alama ya kiganja kizima.

Wiki iliyofuata Meja akaja na ukaguzi.
"Koplo, hiki nini?"
"Chumvi, afande. Tanga ni bahari."
Akaniangalia kwa muda uliozidi ule wa ukaguzi.
"Isugue."
"Ndiyo, afande."

Nimeusimamisha nyuma ya zile thelathini na tisa.
Ukwaju upo. Jivu lipo.
Nahesabu miezi minne na siku kumi.