Mashoto

Ilikuja ndani ya boksi jeusi, kutoka Uturuki,
na kijitabu cha lugha saba; Kiswahili hakimo.
Nikaikongoa juu ya busati, Makadara, madirisha nimefunga,
kama nikongoavyo saa za watu kibandani mwangu, Barabara ya Digo:
mtutu, springi, pistoni, pete mbili za mpira,
kila kipande juu ya gazeti, kwa zamu yake ya kutoka.
Nikairudisha. Haikubaki skrubu hata moja.
Nikasema: hii nimeshaijua.
Mwanakombo akalitazama kabati la chuma lililokula nusu ya chumba.
"Ufunguo ukae shingoni mwako. Hata ukioga."

Jumamosi, machimbo ya matumbawe nyuma ya Bamburi.
Nyamvula, aliyetunza ghala la silaha la polisi miaka ishirini na sita
na sasa anatufunza sisi wenye leseni mpya na vitambi,
akachukua risasi zangu zote, akanirudishia moja.
"Hii hujijaza yenyewe," nikasema. "Huingia tano."
"Ndiyo maana nakupa moja.
Bunduki yenye haraka yataka mtu asiye na haraka.
Kidole nje, mpaka nikwambie."

Nikaiegemeza bega la kulia, kama picha ya kijitabuni.
Sahani ya udongo ikaruka, ikapita, ikatua majanini nzima.
Teke likanifika tayani.
Ya pili, nzima. Ya tisa, nzima.
Kunguru ukutani hawakujisumbua kuondoka.

"Saa," akasema Nyamvula, "haimpigi fundi wake."
Kisha: "Bisibisi washika kwa mkono gani?"

Nikanyamaza. Swali kama hilo mara ya mwisho
liliulizwa na maalimu wa chuoni, henzerani i mkononi.
Mkono wangu ulifungwa kwa kipande cha leso mwezi mzima;
nikamwaga uji, nikaandika alifu kama mnyoo.
Wa kulia nikaufunza kwa ajili ya watu.
Wa kushoto ukabaki wa saa,
kibandani, ambako hakuna anitazamaye.

Na bunduki nayo yaliona hivyo hivyo:
komeo lake upande ule, maganda huyatema upande ule,
kitako kimepinda chembe kuelekea shavu lisilo langu.

"Kwenye boksi mlikuwa na vibati vinne," akasema.
Mlikuwa navyo. Nilidhani ni vya kufungia mzigo.

Wiki nzima nikafanya kazi usiku.
Kibati cha tatu kikakigeuza kitako kwangu.
Mbao nikaipunguza nusu inchi, nikaipiga msasa,
nikabandika soli ya raba pale palipo bega.
Komeo nikaligeuza. Shanga ya shaba ya mbele
jua lilikuwa likiimeza, nikatia nyeupe, ndogo, ya kiunoni.
Mwanakombo aliitambua. Hakusema kitu; alicheka akiwa amenipa kisogo.
Kisha mafuta ya cherehani, kitambaa, mafuta tena,
kwani chumvi ya mji huu ni mgeni asiyejua siku ya tatu.

Jumamosi ya pili, bega la kushoto.
Ganda likapita mbele ya pua yangu, la moto, nikapepesa.
Nzima.
"Usilitazame ganda. Hilo lishatoka."
Nzima. Nzima.
Ya nne ilimeguka. Haikuwa vumbi, haikupasuka hewani
kama nilivyoota; ilimeguka ukingo, kama kaki,
ikaendelea na safari yake.
"Imehesabika," akasema Nyamvula, akaandika.
Kunguru mmoja akahama ukuta.

Usiku nikala wali kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa.
Wa kushoto nikauweka juu ya meza,
wanuka baruti,
nikauacha hapo.