Herufi Mbili

Glavu hazihitajiki, alisema mtunzaji,
nawa tu mikono, ufungue taratibu.
Nikanawa kama mtu anayekwenda kula,
nikafungua mwaka elfu moja mia nane ishirini na nane.
Harufu ya kwanza ilikuwa ngozi ya ndama.
Ya pili sina jina lake.

Karani aliandika kwa mkono ulioinama kulia,
kama anayetembea akishindana na upepo:
jina, nyumba, mdhamini, ada.
Jabez Orrell, kilabu cha Mganda wa Shayiri.
Silas Whitlam, Kondoo Mweusi, nyuma ya kanisa,
asifungue saa za ibada.
Alifungua. Ukurasa wa arobaini, shilingi kumi.
Enoch Tarrant, mpika bia, amekutwa ametia maji.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
Tarrant hakusifiwa na mtu Harnbeck nzima,
na bado alilitia.

Sikuja kwa ajili yao.
Nilimtafuta Luddock,
kwa kuwa bibi yangu alikufa akiapa
kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyeonja pombe,
hata ile ya kikohozi.
Alitia saini kiapo kanisani akiwa na miaka tisa,
na kadi ya kiapo tulimzika nayo.

Huyu hapa. Amos Luddock, Nira ya Ng'ombe, mtaa wa Mto.
Mwaka uliofuata: Amos Luddock.
Uliofuata: Amos, na mstari umepita juu ya Amos,
na juu ya mstari, kwa wino mweusi zaidi,
Mjane wa.
Mjane wa Luddock, miaka mitatu,
kana kwamba marehemu ndiye anayechota kwenye pipa.
Kisha Septemba moja, sijui nani aligonga meza ya nani,
jina zima:
Hephzibah Luddock. Mpika bia. Mwenye nyumba.
Karani amekula herufi mbili.

Daftari la kodi ya kimea linajua siku aliyoloweka shayiri,
siku aliyoitandaza sakafuni ichipue,
na pishi ngapi.
Watoto wanne walilala wapi
sakafu ikiwa imejaa nafaka inayoota?
Hapo linanyamaza.

Halafu faini: vipimo pungufu.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila chake hakikujaa,
kilipungua upana wa kidole.
Nikaweka kidole changu juu ya karatasi, nikapiga hesabu.
Kidole kwa kila kikombe, vikombe mia kwa wiki:
kufikia Krismasi, jozi moja ya viatu vya mtoto.
Sikumtetea. Nilihesabu tu.

Mwaka wa thelathini na tano: leseni imekataliwa.
Nyumba yenye fujo.
Fujo gani, aliyeandika hakuona haja.
Lakini juu ya neno *imekataliwa*
pana duara la kahawia, limekatika upande mmoja,
kitako cha kikombe kilichokuwa kimelowa.
Mtu aliketi kwenye meza ya sheria asubuhi ile
akamfungia mwanamke mlango wa pombe
huku yake iko mkononi.
Niliinamisha pua. Mtunzaji akakohoa.

Ukurasa uliofuata, Nira ya Ng'ombe ina mwenyewe mpya:
Enoch Tarrant.
Mdhamini: jina la karani, kwa mkono ule ule
ulioinama kulia.

Jina lake halitokei tena.
Mtaa wa Mto, pale palipokuwa kilabu, leo wanauza miwani.
Nilisimama dirishani nikajiona mara kumi na mbili,
nikamfikiria bibi na kadi yake,
kiapo kinachooza polepole kwenye udongo wenye maji,
na nani alimfundisha kuogopa,
na huyo alifundishwa na nani.

Nilirudi kuomba nakala.
Fomu iliuliza: jina la mtajwa, kama lilivyoandikwa.
Kalamu ilisita.
Nikaliandika zima,
na zile herufi mbili nikamrudishia.