Majivu ya Kupimia Upepo

Pale Namanga afisa wa forodha alifungua kimfuko,
akanusa, akapiga chafya. "Mzee, hii ni dawa gani?"
Dawa ya upepo, nikamwambia.
Akakitupa mezani kama kitu kisicho na ushuru.

Gobore nilikwisha kulirudisha kituoni Sikonge,
nikatia sahihi palipoandikwa Mmiliki wa Zamani.
Miaka arobaini na mitatu ya leseni,
nyati wa Ugalla, kuro, pofu wa masika yaliyochelewa,
na karani akaniuliza tu: una kalamu yako?

Sasa nakaa ghorofa ya nne, South C, kwa binti yangu Nyamizi.
Alinieleza usiku wa kwanza, akitandika shuka:
"Baba, huku hawawindi. Hakuna kitalu, hakuna msimu,
hata sungura hakuna. Sheria ya tangu sabini na saba,
mimi sijazaliwa."
Nikacheka. Nilidhani anasema mji.
Kumbe anasema nchi nzima.

Mwezi wa saba ulipoingia, mwili ulijua.
Saa tisa za usiku macho kodo,
pua inatafuta moshi wa nyasi zilizochomwa,
inapata dizeli na vitunguu vya jirani.
Nilishuka ngazi kwa ubavu wa nyayo, kama ninavyoshuka korongo.
Wafula, mlinzi, akazinduka: "Mzee! Unamnyatia nani?"

Nisiseme sikujaribu.
Panya wa stoo nilimfuatilia wiki mbili,
nikajua njia yake, na saa yake ya kunywa
kwenye bomba linalovuja nyuma ya mtungi wa gesi.
Usiku wa kumi na nne tukakutana, tukatazamana.
Nikamwacha. Hata kumla nisingemla.
Kesho yake Musembi, mkwe wangu, akanunua gundi.

Na buchani niliuliza: huyu alikuwa akitazama wapi?
"Nani, mzee?"
Huyu.
"Hiyo ni kilo mbili na robo."

Jumapili moja nilifuata harufu, sikuuliza njia.
Lami, kiwanja cha ndege ndogo, barabara kuu,
kisha ua mrefu wa nyaya, na nyuma ya nyaya,
we!
kongoni dume juu ya kichuguu,
yuko zamu kama askari ambaye hajalipwa.

Hatua themanini na tano. Nikafungua kimfuko.
Majivu yakaja usoni kwangu, polepole, yakanipita.
Upepo wangu. Sijapata mzuri kama huo tangu Rungwa.
Kidole kikajikunja chenyewe,
kikakuta hewa.

Nimekuwa nikirudi.
Kuna jike, la tatu kutoka mwisho,
hukanyaga mguu wa nyuma kama anayegusa kaa la moto.
Huo si mwiba. Mwenye mwiba hutikisa mguu, hujilamba.
Waya hubana tu, na kila hatua unabana zaidi.
Najua kwa sababu niliwahi kuutega,
kabla ya leseni, njaa ya sabini na nne,
na hilo Nyamizi sijamwambia.

Nilimwambia askari wa wanyama, kijana mmoja, Leparan.
"Na macho hayo ya uzee umeona waya?"
Nikamwonyesha. Akainua darubini,
akakaa nayo mpaka mkono ukamtetemeka.
Kisha akaongea na redio, akanipa mgongo.
Sikungoja. Mvua ilikuwa inakuja
nami sikubeba mwavuli.

"Mkono mtupu haulambwi, Baba," Nyamizi akanitania mlangoni.
"Leo umetuletea nini?"
Nikafungua kiganja. Kilikuwa na majivu, yameloa.
Mbula, mjukuu wangu, miaka mitatu, hajui methali,
akakivuta, akakilamba,
akakunja uso, akasema kina chumvi.