Mstari wa Tisa

"Anayekulisha kwa nguvu hasikii ukishiba."
Kalenda ya duka la dawa, Kondele, yasema ni askofu.
Mwalimu Odundo kaapa: ya wahenga hiyo.
Diwani alipoitamka, aliifanya yake.

Nimepekua majalada ya baraza la mji,
vumbi puani, mende kurasani,
hadi siku walipowahamisha wachuuzi wa omena
"kwa afya yao wenyewe."

Hapo, mstari wa tisa:
mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, alisimama
akaisema.
Jina hakuna.
Pembeni, kwa wino mwekundu, karani kaandika:
kelele.

Jioni, Kibuye, muuzaji, mjukuu wa nani sijui,
kanipimia omena, akaongeza kiganja,
akataka kuongeza tena.
Nikasema, zatosha, mama.

Akasikia.