Sabuni ya Mchaichai

Nilishuka Nguba saa kumi na mbili kasoro,
viatu mkononi, kandambili miguuni,
maana mteremko wa Muhungu hauheshimu visigino.
Mlangoni nikabadilisha. Mlinzi akageuza uso,
kisha akanifichia kandambili nyuma ya chungu cha maua.
Huyo alikuwa mtu wa kwanza. Sikumhesabu.

Ndani: taa, tai, vicheko vya Kifaransa.
Wamenibandika jina kifuani: Nsimere.
Mimi ni Nsimire, lakini ningemwambia nani?
Nikashika glasi ya Fanta kama mtu anavyoshika tiketi
ya basi asilojua linakokwenda.

Dada yangu Ntakwinja alinifundisha sentensi jikoni
tukichambua sambaza:
"Naitwa Nsimire, natengeneza sabuni,
kilo mia mbili kwa mwezi, mawese na mchaichai."
Simama wima. Tabasamu. Mtazame mtu kati ya macho.
Niliwaambia sambaza, na sambaza walisikiliza vizuri.

Ukumbini watu walisimama kwa miduara,
migongo nje, kama ng'ombe mvuani.
Nikazunguka. Nikazunguka tena.
Nikasoma maelezo ya kizima-moto mara tatu.

Umeme ukakatika.

Bukavu, jamani! Hata wageni wa heshima
waliguna "aaah" ile ile ya Kadutu.
Jenereta ikakohoa, ikagoma.
Na gizani, sikia, gizani hakuna tai.
Nsimere wa karatasi akafa pale pale.
Zikabaki pumzi, na viatu, na ziwa chini likipiga mawe,
na mkono uliopita na sinia karibu na pua yangu
ukinukia mchaichai.

Harufu hiyo inalala kwenye kucha zangu.
Mdomo ukatangulia, sentensi ya jikoni ikabaki nyuma:
"We! Umenawa na sabuni yangu!"

Hivyo ndivyo ninavyoita watu sokoni tangu miaka tisa,
"We mama wa kitenge cha kijani, njoo unuse!"
wageni mia kwa siku,
na sikujua kwamba kitu hicho kina semina, na ada ya kuingia.

Sauti ikacheka. "Yako? Anatuletea Mesye Birhashwirwa,
katoni kumi kila mwezi. Anasema kiwanda ni chake."
Birhashwirwa! Kila Jumanne yuko uani kwangu,
anapunguza bei, anaugua bei, anaondoka na bei.
"Yuko hapa. Alikuwa dirishani, anagawa kadi."
"Na wewe nani?"
"Murhula."
"Murhula, meneja wako amesimama wapi?"
"Msikilize, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.
Hatua nne, kushoto."

Nilizihesabu kama noti.

Umeme uliporudi nilikuwa nimeshika kiwiko cha mzee mnene
na wote wawili tulikuwa tumekunja macho.
Hata wakubwa hukunja macho.
"Nsimire," nikasema, "hapa wamekosea herufi.
Sabuni ya vyumbani mwenu, mnaambiwa ni ya nani?"
Dirishani, mtu mmoja akaanza kutafuta koti lake.

Meneja hakunijibu usiku ule. Alinipa kadi,
nyepesi, ya kupepea. Mimi sina kadi.
Nilikuwa na kipande kwenye pochi,
kimefungwa kwa karatasi ya daftari la mwanangu,
hesabu za kugawanya upande mmoja,
namba yangu ya simu upande wa pili.
Alikinusa kabla hajakisoma.

Nje mlinzi akaleta kandambili, amezipangusa.
"Baba, unaitwa nani?"
Akanitazama kama nimemdai kitambulisho.
"Ntwali."
Tukasimama hadi manyunyu yakaanza.
Shemeji yake huleta mawese kutoka Mwenga.
Bei aliyonitajia, nilimwomba airudie.

Nikapanda Muhungu polepole,
visigino mkononi vikigongana
kama watu wawili wanaotafuta la kusema.